Mkono Ndani ya Gunia

Miaka ile ya Zaire nilikuwa karani katika depo la mpunga, karibu na bandari ya Kindu. Siku moja mkuu mpya alinipa kadi, moja kwa kila mfanyakazi, niandike ujuzi wake. Kadi ilikuwa na nafasi mbili tu: ujuzi wa shule na ujuzi wa mashine.

Mzee aliyepokea magunia hakuwa na shule wala mashine. Alizamisha mkono ndani ya gunia, akapapasa punje kidogo, kisha akasema kama mpunga ule utafika salama au utaoza njiani. Sikumwona akikosea.

"Muzee, unajuaje?" nilimuuliza.

"Mukono njo unajua, mutoto wangu. Andika hivyo."

Niliona aibu kumpelekea mkuu maneno kama hayo. Nafasi zote mbili nikaandika: hakuna.

Ilipofika siku ya kupunguza watu, mkuu alisoma kadi zangu, mzee akaondolewa. Mvua zilipoanza, magunia yalirudishwa yananuka. Lakini ninachokumbuka zaidi ni alivyoniaga. Alinishika mkono, akaupapasa kidogo, kama alivyozoea kwenye gunia. Mara hiyo hakusema alichokuta.