Injini Iliyokohoa Mtoni Mara

Watu husema chombo kibovu humfundisha mtu subira. Mimi injini ile ilinifundisha matusi. Miaka ya hamsini niliajiriwa na Mhindi mmoja aliyenunua mahindi na ngozi pande zote mbili za Mto Mara, na kazi yangu ilikuwa kuvusha magunia kwa boti yake ya mbao kati ya Gorong'a na ng'ambo ya Kenyamonta. Boti ilikuwa nzima. Injini iliyofungwa nyuma yake ndiyo iliyokuwa kikongwe. Ilikuwa inawaka vizuri, inaunguruma dakika tano, kisha inaanza kukohoa, inashika, inaachia, mpaka inazima katikati ya maji.

Wiki nzima ya masika nilihangaika nayo. Nilichomoa waya wa plagi moja, nikasikiliza, nikaurudisha, nikachomoa wa pili. Silinda zote mbili zilikuwa hai. Nilisugua plagi kwa msasa. Nilichuja petroli kwa kitambaa nikidhani ina maji, haikuwa nayo. Nilifungua kabureta nikaipuliza mpaka midomo ikaniwasha. Tajiri akipita alikuwa ananiuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado, bwana," huku moyoni nikimwambia mengine.

Ugonjwa wake niliugundua asubuhi ya siku ninayoisimulia. Injini ilipoanza kukohoa nilifungua kifuniko cha tangi nione mafuta, nikasikia tangi likivuta pumzi, na injini ikatulia papo hapo. Kifuniko cha kwanza kilikuwa kimepotea zamani, na fundi bati akatengeneza kingine, kimebana sawasawa, ila hakukitoboa tundu la hewa. Hewa isipoingia, petroli inagoma kushuka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikakilegeza kifuniko nusu mzunguko, nikasema jioni nitakitoboa kwa msumari.

Saa nne hivi walifika watu wanne wamebeba kitanda. Aliyelala juu yake, amefunikwa blanketi hadi kichwani, alikuwa mama mkwe wangu. Tumbo lilikuwa limemshika tangu juzi, limevimba, na zahanati ya karibu ilikuwa ng'ambo. Kijana wake, shemeji yangu, alinifuata nyuma ya magunia.

"Shemeji, mama anakufa. Tutavuka namna gani?"

Halikuwa swali la kijinga. Kwetu Wakurya, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Nikimwona njiani, mimi naingia porini naye anageuka. Na boti ile ilikuwa na urefu wa hatua sita tu. Mshika injini angekaa miguuni pa mgonjwa.

Sauti ikatoka chini ya blanketi, nyembamba lakini kali: "Mkwe asije karibu. Msinitie aibu."

"Wewe utashika injini," nilimwambia shemeji.

"Sijawahi hata siku moja!"

"Ni kuvuta kamba tu. Nitakuelekeza."

Walimlaza ndani ya boti. Nami nikasimama mbali, nimewapa mgongo, nikapaza sauti: vuta kamba kwa nguvu, rudisha mkono wa injini taratibu, elekeza pua juu ya mkondo. Nilimwambia yote isipokuwa habari ya kifuniko. Ningekuwa nimeinama juu ya injini, mkono wangu wenyewe ungenikumbusha. Lakini nilikuwa naongea na kichaka.

Nilipogeuka, walikuwa wamefika mbali kiasi cha kutosha kwa adabu. Injini iliimba. Nikajisifu kidogo, Mungu anisamehe. Halafu nikasikia kikohozi. Kikaja cha pili.

"Legeza kifuniko! Kifuniko!"

Mto ulikuwa umefurika na ulikuwa unanguruma kunishinda. Shemeji alinieleza baadaye kwamba mawimbi yalirusha petroli kwenye blanketi la mama yake, akamwonea huruma, akakikaza kifuniko kwa nguvu zake zote. Injini ikazima. Niliwaona wakivuta kamba kwa zamu, boti ikizunguka na kuteremka na maji, hadi kona ikawameza. Nilikimbia kando ya mto mpaka matope yakanifika mapajani. Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Kesho yake mchana shemeji alirudi peke yake, nusu kwa injini, nusu kwa kasia. Mkondo ulikuwa umewatupa kwenye matete ya ng'ambo, mbali sana chini. Walitembea na kitanda mpaka jua likazama, na mama akakata roho kabla hawajaiona zahanati. Wenzake walibaki na maiti.

"Mimi hiyo injini siigusi tena," akasema.

Wazee wakakaa. Maiti lazima ilale nyumbani, na mwenye kuijua injini nilikuwa mimi peke yangu. Hawakubishana sana. Mmoja akasema mwiko huo una dawa: achinjwe mbuzi, nipakwe majani ya tumboni mwake, basi nitakuwa safi. Shughuli nzima haikuzidi muda wa kuchemsha chai.

Nilikitoboa kifuniko nikavuka. Wakati wa kurudi nilikaa miguuni pake, na injini haikukohoa hata mara moja. Upepo ukalifunua blanketi. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba ya ndoa nikamwona. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka.

Mke wangu alikuwa anatusubiri ukingoni. Aliyatazama majani yaliyokauka kifuani pangu. Hakuwa analia.

"Wamekusafisha kwa mbuzi?"

"Ndiyo."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Na jana hatukuwa na mbuzi?"

Tulikuwa nao zizi zima.