Anayecheka Kabla ya Kichekesho

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia. Wateja wake walisema ni kwa sababu anashona mapazia, na anayashona kweli, pindo limenyooka hata ulitazame kwa jicho baya. Majirani walisema ni kwa sababu ya muda anaoupitisha nyuma ya pazia lake mwenyewe, akichungulia nani kapita na nani, na kabeba nini. Pande zote mbili zilisema kweli. Mwanamke huyu hakuamini kitu mpaka akipindue. Dukani muuzaji akimwonyesha kitambaa uso wake, yeye huomba kuona mgongo. Ukimsalimia kwa uchangamfu mno, atajibu salamu, kisha atakaa akijiuliza unataka nini.

Kitu kimoja tu kilimlegeza: sinema. Kila Jumamosi alasiri alifunika cherehani, akavaa viatu vya kutokea, akaenda na mumewe kwenye ukumbi ulio karibu na stendi. Mumewe alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na gereji nzima ilimwita Nyundo. Walikaa mstari wa nyuma kabisa, ukutani, kwa kuwa Mama Pazia hakupenda kuwa na mtu nyuma yake. Picha ikiisha walirudi nyumbani kwa miguu wakibishana. Zipo ndoa zilizosimama juu ya watoto, na zipo zilizosimama juu ya mali. Ya hawa ilisimama juu ya ubishi wa njiani. Watoto walikuwa wamekua na kuondoka, lakini ubishi haukuhama.

Jambo moja tu hawakubishania: picha za sehemu ya pili. Kila mwaka, joto likikolea na shule zikifungwa, ukumbi ulijaa picha hizo: sehemu ya pili, ya tatu, nyingine hata ya sita, na mabango yake makubwa kuliko mlango. Mama Pazia aliziita viporo.

"Kiporo kikipashwa moto kinanoga," alisema, "lakini hiki wamekipasha mara tano na kila mara wanaongeza chumvi."

Hoja zake zilijulikana mpaka kwa wauza bisi. Adui aliyeangushwa gorofani sehemu ya kwanza, mbele ya macho yetu, anarudi sehemu ya pili ana kovu shavuni, na hakuna hata mmoja anayemuuliza alikuwa wapi. Mji uliobomolewa mwaka jana umesimama tena, hata kifusi hakuna, nani kazoa? Mabomu yanazidi, maneno yanapungua. Na steringi hafi, hilo hata mtoto analijua, sasa tunaombwa tumwogopee nini? Lakini kilichomkera kuliko vyote ni mapazia. Nyumba ya mama yake steringi ilikuwa na mapazia mazito yenye mistari; sehemu ya pili, nyumba ile ile, mama yule yule, mapazia mepesi ya maua, na hakuna aliyesema kwamba yamebadilishwa. "Mtu anayekudanganya kwenye pazia," alisema, "atakudanganya kwenye kila kitu." Nyundo alikuwa akimuunga mkono na kuongeza yake kuhusu magari, kwamba bodi ikigongwa vile hainyooki kwa usiku mmoja.

Basi fikiria Mama Pazia alivyoshtuka, msimu mmoja wa joto, Nyundo alipotoka ukumbini akasema, "Hii sehemu ya pili nimeipenda."

Alidhani ni utani. Wiki iliyofuata palikuwa na picha mpya kabisa, hadithi ya mama na binti yake na shamba lao, ya aina aliyoipenda. Nyundo akakunja uso mbele ya bango.

"Hawa hatuwajui," alisema. "Twende ile ya tatu."

"Ile ya mabomu?"

"Ile ya tatu."

Machale yakamcheza Mama Pazia. Mtu habadilishi ladha ghafla akiwa na mvi kichwani. Akibadilisha ladha, kuna aliyemwonjesha kitu kingine.

Akaanza kumchunguza. Aligundua kwanza kwamba Nyundo anacheka kwa kuchelewa: ukumbi unaangua kicheko, yeye anageuka kutazama watu, ndipo anacheka. Alimtania njiani, "Siku hizi kicheko chako kinakuja na basi la mwisho." Nyundo hakujibu. Mwisho wa mwezi mambo yakageuka juu chini, Nyundo akaanza kucheka mapema. Steringi bado hajafungua mdomo, mzee huyu keshaangua kicheko peke yake, watu wanageuka. Mlango bado haujavunjwa, yeye keshashtuka. Mama Pazia alikaa gizani na bisi zake mkononi, hakutia hata moja mdomoni. Anayecheka kabla ya kichekesho amekwisha kukisikia. Picha hii Nyundo ameiona. Ameiona lini, na amekaa na nani?

Jumamosi iliyofuata walipofika mlangoni, mkata tiketi, bwana mnene mwenye funguo kiunoni, akasema kwa furaha, "Ah, Fundi! Leo tena?"

Nyundo alitabasamu tu, akapita. Lile "tena" likabaki kwa Mama Pazia. Alilala nalo, akaamka nalo, akashona nalo pazia zima kinyumenyume mpaka akalifumua.

Akaenda kwa wifi yake, dada wa Nyundo, mwenye saluni mtaa wa pili. Kwa wifi huendi kutafuta faraja, lakini wifi anajua.

"Kaka yako ana nini?"

Wifi alikuwa akisuka mteja. Hakuinua macho. "Kaka yangu ana mke mkali. Zaidi ya hapo sijui."

"Anakwenda sinema bila mimi."

"Sasa huko sinema si anatazama picha? Wifi, ukimchunguza sana bata huwezi kumla."

"Bata nimemla miaka yote hii," alisema Mama Pazia. "Nataka kujua nani mwingine anakula."

Mteja alicheka, wifi hakucheka. Alitazama kitana mkononi, kidogo tu, kisha akaendelea kusuka. Mama Pazia aliona. Aliondoka na uhakika kwamba wifi anaficha, na kwamba anachokificha kina hereni na manukato. Alimchukia Nyundo njia nzima, na aliogopa zaidi ya alivyochukia. Nani angebishana naye njiani? Angekwenda sinema na nani?

Jumamosi aliamua kwamba leo atauliza. Si nyumbani, ambako Nyundo angesimama akachukue maji, au akanyooshe chuma fulani uani. Atamuuliza kitini, gizani, mtu hana pa kukimbilia. Picha ilikuwa ya nne. Katikati palikuwa na mapigano juu ya daraja, chuma kinalia, watu wanapiga mayowe. Kwenye kioo akatokea dada mmoja mrembo, amevaa ngozi nyeusi, bunduki mkononi. Mama Pazia aliinama sikioni mwa mumewe.

"Una mwanamke mwingine?"

Nyundo hakuondoa macho kwenye kioo. Alitabasamu, akampapasa mkono.

"Ndiyo," alisema. "Mzuri sana huyu. Subiri mwishoni, utaona."

Mama Pazia hakukumbuka alivyosimama. Alikanyaga miguu ya watu, bisi zikamwagika, akatoka nje kwenye mwanga wa alasiri uliomchoma macho. Mkata tiketi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anajipepea na bango la zamani.

"Mama, vipi? Picha mbaya?"

"Niambie ukweli, kaka yangu, sitakutaja. Mume wangu huja hapa na nani?"

Bwana yule aliacha kujipepea. "Fundi? Na nani tena? Huja peke yake."

"Usimfichie mwanaume mwenzako."

"Kweli tupu. Huja katikati ya wiki, mchana, ukumbi mtupu. Viti vyote vile, yeye anakwenda kukaa mbele kabisa, pembeni, chini ya spika. Mimi pale siwezi kukaa hata dakika, masikio yanauma. Picha ikiisha ananifuata hapa. 'Yule kasema nini pale darajani? Watu hucheka wapi? Adui kamwambia nini mama yake?' Namweleza. Nilidhani ana mgonjwa nyumbani anayekwenda kumsimulia."

Mama Pazia alisimama pale. Alijaribu kuipindua habari hii aone mgongo wake, lakini safari hii uso na mgongo vilikuwa kitu kimoja. Mlango wa ukumbi ukafunguka, Nyundo akatoka ana wasiwasi, anamtafuta. Mama Pazia alitoa leso, akajifunika pua na mdomo kama mwenye mafua, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Shati lako limechanika mgongoni."

Nyundo alimtazama machoni. Alitazama leso. Akasubiri, kisha akatabasamu lile tabasamu la siku hizi.

"Sawa, mke wangu," alisema. "Twende nyumbani."

Leso ilishuka yenyewe. Kwanza alipata nafuu, na nafuu hiyo ikamtia aibu. Kisha akaogopa. Kisha hasira zikampanda, na hasira ndizo alizozizoea.

"Tangu lini?" aliuliza, midomo wazi sasa.

"Tangu lini nini?"

"Masikio!"

Nyundo alikaa kwenye benchi la chini ya mabango. Alitazama mikono yake, mikono iliyopiga bati tangu ujana.

"Tangu baada ya msimu uliopita," alisema. "Dada anajua. Nilimwomba asiseme."

"Na mimi je? Mimi nani?"

"Gereji wakijua watanipa ufagio. Na wewe..." Alisita. "Wewe ukijua, tukitoka hapa tutaongea nini? Picha mpya inanipita yote, sijui nani ni nani. Hizi za sehemu ya pili watu nawajua tayari. Adui yule yule, steringi yule yule. Hata nisiposikia neno, nafika njiani nina la kukubishia."

Mama Pazia alikaa kando yake. Watu wa picha inayofuata walikuwa wameanza kujaa, wamebeba soda na bisi.

"Unajua nilikuuliza nini mle ndani?"

Nyundo alitikisa kichwa. Ilibidi Mama Pazia apaze sauti, na akiipaza husikika mpaka stendi.

"Nilikuuliza kama una mwanamke mwingine!"

Foleni nzima ikageuka.

"Na mimi nikasemaje?"

"Ukasema ndiyo, mzuri sana!"

Nyundo alikodoa macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, na mkata tiketi naye akacheka, na Mama Pazia akacheka kwa kupenda na kutopenda, machozi yakimtoka.

Walirudi nyumbani polepole. Nyundo alitembea hatua mbele kidogo, kwa sababu ya bodaboda barabarani, na Mama Pazia alimtazama kisogo na kuanza kuhesabu hasara yake. Maneno yote aliyoyasema mwaka mzima akiwa amempa mgongo, macho kwenye sindano! Alidhani mume amekuwa mpole. Kila alilosema lilijibiwa "sawa" na "vizuri", naye akajisifu kwa majirani kwamba uzee umemtuliza. Kumbe alikuwa akizungumza na cherehani. Na liko moja lililomchoma zaidi. Siku waliyotoka kumzika jirani wa nyumba ya pembeni, mjane wake akilia upande wa pili wa ukuta, Mama Pazia alikaa kushona mpaka alasiri, akasema bila kugeuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Nyundo alijibu, "Vizuri." Siku hiyo Mama Pazia alilala ameuelekea ukuta, na kwa kweli shaka zote zilianzia pale: mwanamke anasema vile, mume anajibu vizuri, si ana kwingine huyu?

Akalisema tena sasa, chinichini, kwa mazoea, kwa kile kisogo. "Usinitangulie."

Nyundo akaenda hatua mbili. Kisha akasimama, akageuka, akamkuta midomo bado haijafungika vizuri.

"Umesema nini?"

Hakuwahi kuuliza hivyo mwaka mzima. Alikuwa akiitikia tu. Mama Pazia akatazama nyuma, akatazama pembeni. Walikuwepo watu: muuza vocha, wanawake wawili na vikapu vyao, mzee kwenye dirisha, na wote walikuwa na masikio.

"Nimesema usinitangulie!" alipiga kelele.

"Wapi? Sinema?"

"Popote!"

Muuza vocha aliinua kichwa, na dirishani yule mzee akasogeza pazia ili aone vizuri. Nyundo hakusema sawa, wala vizuri. Alirudi zile hatua mbili, akasimama kando yake.