Niliitwa Mwalimu Kabla Sijasoma

Msinionee huruma, wenzangu. Nililikoroga mwenyewe na mpaka leo nalinywa!

Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu Unguja, kijiji chetu cha Wingwi kizima kilifurahi. Mama alisomesha maulidi. Kabla sijapanda meli nimeshaitwa Mwalimu! Na mimi, mpumbavu, nikaitika.

Likizo ya kwanza nilirudi na koti. Ee, mngeniona! Kila arusi nilikalishwa kitini, wazee wamekaa jamvini. Jirani yetu Mzee Faki akiniuliza khabari za Misri, nami nikimjibu hata nisiyoyajua. Likizo ikaisha, arusi hazikuisha. Nikajisemea, chuo hakihami. Nikabaki nikila biriani mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama.

Niliporudi chuoni, wenzangu walikuwa wameshafika mbali masomoni. Hesabu za ubaoni sikuzielewa hata chembe. Hamadi, mtoto wa wavuvi wa kisiwa cha Fundo niliyekaa naye chumba kimoja, akaniona ninavyohangaika.

"Yakhe, njoo tudurusu sote," akanambia. "Hata mie hesabu hizi zantoa roho, lakini tukiwa wawili afadhali."

"Mwalimu hafunzwi na mvuvi," nikamjibu.

Ya Rabbi, ulimi huu! Hamadi hakununa. Alikwenda kudurusu na wengine, mimi nikabaki kulipiga pasi koti langu.

Darasani nikaona haya kuuliza. Mwalimu mzima niulize? Mtihani wa mwaka ulipofika, maswali niliyasoma vizuri sana. Majibu ndiyo sikuwa nayo. Nikarudishwa kwetu.

Mama alinipokea bandarini Wete. Hakunigombeza. Alinivua koti, akalikunja, na nyumbani akalitia chini kabisa ya sanduku. Nililia, wallahi, nikatamani angenitukana.

Hamadi alimaliza, akaletwa kusomesha skuli ya hapa kwetu. Si mitihani hiyo ya Mungu?

Juzi nilikuwa naanika karafuu kwa Mzee Faki, kibarua. Nikasikia anaita, "Mwalimu! Karibu!"

"Labeka!" nikaitika, na vumbi la karafuu mikononi.

Hamadi alikuwa amesimama mlangoni.

"Si weye, mwanangu," akasema Mzee, kwa upole mtupu. "Weye geuza karafuu."

Enyi vijana mnaoondoka na meli ijayo, ulizeni, durusuni na wenzenu, rudini mapema. Na mkiitwa Mwalimu kabla ya mtihani, nakuombeni, msiitike!