Jina la Mama Mzaa Babu

Mwaka ule nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu nikiwa na shahada ya historia, sanduku la bati, na tabia ya kuuliza "umejuaje?" ambayo baba yangu aliihesabu kuwa ugonjwa niliouambukizwa Dar es Salaam. Nilikuwa nasubiri barua ya kupangiwa kazi. Barua haikuja. Asubuhi nilipalilia pamba, mchana nilitembea hadi barabara kuu ya Geita, nikasimama kutazama malori, nikarudi. Sikuweza kukaa mahali pamoja. Mama alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Dada yangu mkubwa alikuwa nyumbani pia. Alikuja kujifungulia kwetu, na mtoto wake wa kike, aliyekuwa bado mchanga wa kubebwa kwa mikono miwili, alikuwa analia. Sisemi kile kilio cha kawaida cha watoto. Alishika titi, akanyonya kidogo, akaliachia ghafla kama limemchoma, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alikuwa anapungua. Mtoto wa kwanza wa dada alikufa kabla hajaota meno, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa tunaogopa nini.

Kwetu Usukumani mtoto anayelia hivyo huhesabiwa kuwa anadai jina. Yupo marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena, na mtoto hatanyamaza mpaka aitwe yeye. Wakwe zake dada walikwisha kujaribu majina mawili ya upande wao. Mtoto aliyapokea yote mawili kwa kilio kilekile. Mganga akatazama, akasema anayetakiwa ni wa upande wetu: mwanamke, mama mzaa babu.

Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu hakuna aliyejua mwanamke huyo aliitwaje. Si kwamba alisahauliwa. Baba alijua alikuwa mfupi, alivuta kiko, aliogopa mbuzi. Lakini kwetu mtoto hatamki jina la mama yake. Wakwe hawatamkiani. Majirani walimwita mama wa fulani, yaani mama wa babu yangu. Wanaoruhusiwa kulitaja jina la mzee bila hofu ni wajukuu, kwa sababu wao hutaniana naye, na yeye alikufa kabla mjukuu hata mmoja wa nyumba yetu hajazaliwa. Watu walimheshimu hivyo mpaka jina lake likapotea.

"Mpeleke hospitali Geita," nilimwambia dada.

"Nimeshakwenda zahanati."

"Zahanati haina hata aspirini. Nasema hospitali."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto begani. Hakuinua sauti. "Yule wa kwanza nilimpeleka hospitali bila jina. Unakumbuka nilirudi na nini? Nilirudi na khanga."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na majibu kuhusu malaria, kuhusu maji ya lambo, kuhusu tofauti ya kitu kutangulia kingine na kitu kusababisha kingine.

"Wewe si ndiye msomi wa mambo ya kale?" akaendelea. "Basi nitafutie jina. Ukilileta, kesho yake napanda gari la Geita, sikusumbui. Usipolileta, usinisemeshe tena habari za hospitali."

"Na nikikuletea la uongo?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Wewe? Wewe hata ukisalimiwa hujambo unauliza kama ni kweli."

Baba akatoa alichokuwa nacho. Shangazi yake, dadake babu, aliolewa na mtu wa kabila la Wasumbwa karibu na Ushirombo. Tangu watu wahamishiwe katika vijiji vipya hawakuwahi kutembeleana, na hakujua kama bado yu hai. "Lakini usimtegemee," akasema. "Yule ni binti yake wa kumzaa. Hatalitamka."

Sikuwa na mpango wa kumtegemea. Nilikuwa na mpango wa kutegemea karatasi. Ushirombo kuna misheni ya zamani, babu alibatizwa pale, na mapadri wa kwanza walikuwa watu wa kuandika kila kitu. Chuoni nilifundishwa kwamba kumbukumbu ya mdomo hubadilika kila ikisimuliwa, ila wino hukaa ulipowekwa. Niliondoka alfajiri juu ya lori la mbegu za pamba nikiwa na uhakika wote wa mtu ambaye hajajaribu.

Lori lilipumzika Katoro. Siku hizo Katoro haikuwa kubwa, lakini wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameanza kujaa, na penye wachimbaji hapakosi chakula. Chini ya paa la nyasi mwanamke mmoja mrefu, mwenye pengo la mbele, alikuwa anapakua wali na maharage. Madereva, wachimbaji, wote walimwita mayu, yaani mama, kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa heshima kwetu. Nami nikamwita hivyo.

"Mayu, wali wako una mawe."

"Hilo jiwe ni la dhahabu," akajibu bila kugeuka. "Tafuna polepole, usilimeze utakuja kudaiwa."

Watu wakacheka. Nikatafuna, nikapanda lori.

Padri aliyenipokea misheni alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka michache. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, kisha akaniketisha mbele ya madaftari ya ubatizo yaliyofungwa kwa ngozi na kuliwa pembeni na mchwa. Yote yaliandikwa kwa Kilatini, mwandiko mwembamba uliolala upande mmoja. Tulifunua kutwa. Padri alisoma, mimi nikafuata kwa kidole. Watoto, watu wazima, wagonjwa waliobatizwa wakiwa mahututi, kila mmoja na mstari wake na jina la mtakatifu wake. Kuna familia zilizoweza kuonekana pale tangu babu wa babu. Nikaona wivu ambao sikuutarajia.

Babu nikampata. Palipoandikwa baba, palikuwa na jina la baba yake. Palipoandikwa mama, palikuwa na "mama wa" halafu jina la babu mwenyewe, lile la utotoni. Yaani padri wa zamani aliuliza mama yake anaitwa nani, na waliomleta wakajibu kwa adabu, kama walivyolelewa. Padri akaandika alichosikia.

Kurasa nyingi mbele tukampata huyo mama mwenyewe. Alibatizwa akiwa mgonjwa, akapewa jina la mtakatifu, na chini yake tena: mama wa fulani. Penye asili yake palikuwa na neno moja la Kilatini.

"Haijulikani," padri akatafsiri.

"Hilo la mtakatifu halitoshi?"

"Kwangu mimi linatosha," akasema. "Lakini si mimi niliyekutuma."

Jina la mtakatifu alipewa akiwa kitandani, na huenda hakulisikia hata mara mbili. Dada angeuliza swali moja tu, alikuwa akiitwa hivyo? Nami ningesema hapana. Nilitoka nje nikazunguka kanisa. Wino ulikaa ulipowekwa, ndiyo, na kwa sababu hiyo sasa haukuwa na cha kuniongezea.

Basi nikaenda kwa bibi, yule shangazi wa baba, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Alikuwa hai. Nilimkuta anachambua karanga mlangoni, mdogo kama msichana, macho yameingia ukungu. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la baba na la babu.

"Marahaba. Mume wangu huyo," akawaambia wakwe zake waliokuwa uani. "Mmemwona alivyokonda? Nani atanilimia na mikono hii?"

"Nimekuja kukuchukua, bibi."

"Na ng'ombe wako wapi? Nyinyi vijana mnapenda vya bure."

Tulitaniana hivyo mpaka nikaona nimepata nafasi. Nikamweleza mtoto, kilio, mganga, jina. Alisikiliza, mikono ikaacha karanga.

"Bibi, mtoto anaumwa. Litamke mara moja tu, mimi peke yangu nisikie."

"Unataka nimvue mama yangu nguo mbele yako?"

"Basi nitakutajia majina, nikilifikia utikise kichwa."

Akanigeuzia uso. Ule utani wote ulikwisha. "Ndivyo mnavyofundishwa huko?"

Niliona aibu, na nilikasirika kwa kuona aibu, kwa sababu kichwani mwangu jambo lilikuwa rahisi: kuna sauti chache za kutamka, na kuna mtoto anayekauka. Nikasimama. Nikakaa. Bibi akaniacha nihangaike, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nimepita njia gani.

"Katoro."

"Ukala?"

"Nilikula."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja hivi, mpishi. Wanamwita mayu."

"Mrefu? Ana pengo hapa?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Huyo ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu mkubwa. Baba yake alimkuta mama yangu angali hai, akampa binti yake jina la bibi yake huyo. Mimi siwezi kulitaja, nikamwita mayu. Watoto wakanifuata mimi. Sasa naona na Katoro nzima inawafuata watoto. Umekula chakula cha jina, ukalipita, ukaenda kuwasumbua mapadri."

Sikupenda kuchekwa, lakini ilibidi nicheke. Halafu nikashindwa kujizuia, nikauliza lile la padri: alitoka wapi, mama yako?

"Aliachwa njiani," akasema. "Watu walikuwa wanapita na mizigo, wanakwenda mashariki. Yeye alikuwa binti mdogo, miguu imevimba. Wenyeji wakamchukua, wakamuuguza, wakampa jina."

"Wakampa? Kwa hiyo alikuwa na lake kabla?"

"Nani asiyekuwa na lake?"

"Hukumwuliza?"

"Mimi nilikuwa mwanawe," bibi akasema, "sikuwa karani wake."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Katoro tena, chini ya lile paa la nyasi, nimesimama mbele ya sufuria.

"Mayu, unaitwa nani jina lako hasa?"

Wachimbaji waliokuwa kwenye benchi wakaacha kula. Mmoja akapiga mluzi.

"Juzi wali wangu ulikuwa na mawe," akasema. "Leo unataka jina. Kesho utakuja na wazee wenu. Una ng'ombe wangapi?"

Ilinibidi nieleze, na nilieleza vibaya, kwa haraka, nikianzia katikati. Alipoelewa kwamba nimetoka kwa bibi yake, na kwamba kuna mtoto, aliweka upawa chini. Akafuta mikono. Akalitamka. Lilitoka kinywani mwake bila shida yoyote, kwa kuwa ni jina lake mwenyewe, na mtu hajiogopi. Silitaji hapa, kwa sababu lina wenyewe, na wapo hai.

"Mwambie huyo mtoto aache kelele," akaongeza. "Mimi nimelibeba miaka yote hii na nina nguvu ya kuinua sufuria."

Nyumbani dada alinisubiri mlangoni. Nilimwambia jina, na nikamwambia na mengine yote: kwamba daftari halikuwa nalo, kwamba huenda hata si la kwanza, kwamba yule binti alipewa na watu waliomwokota, na lile aliloitwa na mama yake hakuna ajuaye. Nilitaka awe na ukweli wote kabla hajaamua. Nadhani pia nilitaka ababaike kidogo, kama mimi.

"Hao waliompa ndio waliomlea?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mimi nimepewa langu na walionilea. Lete mtoto."

Jioni ile baba alimbeba mtoto, akasimama naye mlangoni, akamwita jina lile, akamweleza ni la nani. Mtoto akalia. Tukangoja. Akaendelea kulia. Nilimtazama dada, akaniwahi: "Usiseme neno."

Lakini ahadi aliishika. Kulipopambazuka alikuwa ameshajifunga khanga, mtoto mgongoni, ananiambia niache kuzubaa, gari litatupita.

Hospitali karani aliuliza jina la mtoto bila kuinua kichwa. Dada akalitaja. Karani akasema hakusikia. Akalitaja kwa nguvu zaidi, wanawake kwenye mabenchi wakageuka, na karani akaliandika kwenye kadi. Nilijipenyeza nione. Kwa nijuavyo mimi, ilikuwa mara ya kwanza kuandikwa kwa ajili ya ukoo wetu.

Mganga wa zamu alimfungua mtoto mdomo, akatuonyesha utando mweupe uliojaa ulimini na kushuka kooni. Kila akimeza anaungua, akasema. Akampaka dawa ya zambarau. Baada ya siku kadhaa wodini nilifika na uji, nikamkuta dada ameegemea ukuta, macho ameyafumba, na mtoto, mdomo wa zambarau, ananyonya. Alikuwa anameza kwa sauti. Hakuliachia titi.

"Dawa ile," nikasema.

"Na aliyenipandisha gari ni nani?"

Nikaanza kuyapanga kichwani, na bado nayapanga. Pasingekuwa na jina asingekuja. Asingekuja, dawa ingebaki kwenye chupa. Nilitafuta mahali pa kukata mnyororo huo, huku jina na huku dawa, nisipaone. Na nyuma ya jina hilo kulikuwa na jingine, la binti mwenye miguu iliyovimba, ambalo hakuna padri aliyeliandika wala mjukuu aliyepewa.

"Umeanza tena," dada akasema, macho bado ameyafumba.

"Nimeanza nini?"

"Unatikisa mguu. Benchi lote linatikisika. Toka nje, utamkatisha kunyonya."

Nikatoka. Nikatembea hadi barabarani, nikatazama malori ya upande wa Katoro, nikarudi.