Kresi ya Baba

Sisi tuliolelewa Waithaka kabla mashamba hayajakatwa kujengwa vyumba vya kukodisha tulijua mboga kwa majina: terere, managu, sukuma, kunde. Kresi hatukuijua. Ililetwa na baba, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, mashina machache yakielea majini.

Baba alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya matajiri kule Lavington. Wenye nyumba walipohama nchi, kazi ikaisha siku hiyo hiyo, akarudi na begi lake na lile kopo. Akaipanda kresi kwenye karai kuukuu la fundi wa mjengo, kwenye kivuli cha jiko, kokoto chini na maji juu. Ni jani dogo la mviringo, laini kabisa, lakini ukilitafuna linakuwasha ulimi kama pilipili. Linataka maji safi kila siku, la sivyo linanuka na kuoza.

Baba wa siku zile hakuwa baba tuliyemzoea. Alikuwa mtu wa mizaha, sasa akawa anakaa kitandani mpaka jua liwake, na wageni wakija anajifanya amelala. Kitu pekee kilichomtoa nje ni lile karai. Hata sisi watoto tuliliona hilo, na tuliogopa.

Jioni ya kwanza ya kuvuna, mama aliikatakata kresi akaikaanga na vitunguu, kama sukuma. Rundo lililojaa sufuria likanywea likabaki la kujaa kiganja. Tulikuwa watu watano na ugali mkubwa. Baba alichungulia sufuria, akacheka mpaka akashika ukuta. Hatukuwa tumesikia kicheko hicho tangu atoke Lavington.

"Mama Shiru, hiyo inaliwa mbichi," akamwambia mama.

"Mbichi? Baba Shiru, hiyo si ni chakula ya sungura!"

Lakini mama akaila. Kuanzia siku hiyo baba alivuna kila jioni, akaiosha, akaipanga kwenye sahani kama anaandalia mabalozi. Sisi tulishindana kutafuna bila kutoa machozi, na mdogo wangu Kamau alikuwa akificha yake kwenye soksi. Mama alitafuna polepole, machozi yamemlengalenga, halafu anasema, "Iko sawa. Kesho lete ingine."

Kisha mifereji ikakauka. Wiki nzima hakuna hata tone, na nyumbani tukabaki na jerikeni moja. Kresi ikaanza kugeuka manjano. Baba akaiangalia, akasema, "Wacha ikauke tu. Ni majani." Alisema kwa sauti ya chini sana, akageuka kurudi kitandani.

Mama akanyanyua jerikeni. "Leo hakuna kuoga. Mtapangusa uso na miguu, basi." Akabakisha sufuria moja ya maji, mengine akayamwaga kwenye karai taratibu, asipoteze hata kidogo. Baba alisimama mlangoni akimtazama. Halafu akamwendea, akaichukua jerikeni tupu mkononi mwake, akavaa viatu na kwenda mwenyewe kutafuta maji. Kwenye foleni ya kisima alipiga gumzo na watu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na mmoja wao ndiye aliyemwambia kuna hoteli huko mjini inatafuta mpishi.

Siku hizi naishi Loresho, na maji kwangu hayakatiki. Wanangu huagiza saladi kwa simu, wanaipiga picha kwanza, kisha wanaacha nusu kwa sababu "hii mboga inachoma, mathe." Baba alishatutangulia mbele ya haki. Juzi nilimpelekea mama pakiti ya kresi, nikidhani nitamfurahisha. Akaisukuma kando.

"Hiyo siwezi. Sijawahi kuipenda, hata siku moja."

"Na ulikuwa unaila kila jioni?"

"Nilikuwa nakula ndio baba yako akuwe na kitu ya kuvuna kesho."

Nikarudi Loresho na pakiti yangu. Nyumbani kwangu kila mtu anajipakulia anachopenda, wengine wakila na simu mkononi, na hakuna anayemeza kinachomchoma kwa ajili ya mwenzake. Ni raha, sikatai. Lakini jioni hiyo niliwatazama mezani, nikawaonea huruma.