Siku Meneja Alipokula Nasi Langoni

Mwezi uliopita nilikwenda kukikagua kile kiwanda cha zamani cha kukoboa kahawa, Mbinga mjini, maana nataka kuyanunua mabati yake. Ndiyo, mimi. Niliishia darasa la saba, sikurithi hata jembe, na leo nina mashine yangu ya kukoboa na malori yanayofika mpaka Chiwanda, kule ziwani. Mlinzi akanifungulia kwa heshima zote, nami nikasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Kuta bado zinanuka maganda ya kahawa, rafiki yangu. Miaka yote hii.

Baba alibeba magunia pale. Mama alikuwa mchambuaji. Wanawake walikaa safu ndefu, watoto mgongoni, vidole vikitenga buni mbovu na nzuri, wakiimba nyimbo za kanisani kwa Kimatengo, taratibu, ili vumbi lisiwaingie kooni. Mimi mwenyewe nimelelewa na ngurumo ya zile mashine. Zikizimwa ndipo nilipokuwa nashtuka.

Msimu mmoja akaja meneja mgeni. Akasema watoto hawatakiwi kiwandani, akawafukuza wanawake wote waliobeba watoto, mama akiwemo na mdogo wangu mgongoni. Wanaume wakaweka magunia chini. Basi, mashine zikanyamaza.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini wakulima wa Mbuji na Litumbandyosi walikuwa wanashuka na kahawa yao, wanakuta lango limefungwa, na mawingu ya mvua yameshaanza kukusanyika. Wakawageukia wafanyakazi, wakawaita wavivu. Na hao wakulima walikuwa nani? Baba na wajomba wa hao hao wafanyakazi. Baba mdogo, kijana wa nguvu na mdomo, akatangaza kwamba atakayegusa lango, awe meneja awe mkulima, atakutana na panga lake. Vijana wenzake walikuwa nyuma yake. Bibi alikuwa na wanawe upande huu na kaka zake upande ule. Alikuwa akipika, lakini yeye mwenyewe hali.

Mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi alikuwa jirani yetu, fundi wa mashine, mtu aliyezungumza kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Hakukimbilia polisi. Aliita sengu. Kwetu Umatengo, sengu ni chakula cha pamoja cha wanaume wa ukoo: kila nyumba inaleta chakula, mnakula pamoja, na ugomvi hautajwi mpaka watu wamalize kula. Na uliyekula naye humwinulii mkono. Yeye akaiita pale langoni, akawaalika wakulima, meneja, na wanawake pia. Wazee wakanung'unika: sengu na wanawake wapi na wapi?

"Wazee wangu," akawajibu, "waliofukuzwa ndio hao. Tuwajadili kama mbuzi wa mnadani?"

Ugali ukaja, maharage yakaja, na usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, wamekaangwa mpaka wanalia mdomoni. Meneja akafika, akabaki amesimama. "Nimeshakula," akasema, "tuzungumze tu." Hakujua kwamba kwetu anayekataa sengu amekataa amani. Baba mdogo akainuka.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Baba meneja, hatukukuita kwa sababu una njaa. Tunataka tuuone mkono wako kwenye sinia."

Meneja akakaa. Akamega tonge, likamuunguza. Akaanza kutoa vichwa vya usipa, kimoja kimoja, anavipanga pembeni. Mama mmoja aliyefukuzwa akamtazama weee, kisha akasema, "Kumbe kuchambua anajua. Mwajirini huyu." Wakulima ndio waliocheka wa kwanza, na meneja mwenyewe akacheka.

Lakini baba mdogo hakula. Alijua akila, panga ameliweka chini, na vijana wake walikuwa wanautazama mkono wake. Mwenyekiti hakumsihi. Ni mama yangu aliyemsogezea bakuli.

"Shemeji, niliyefukuzwa ni mimi, na mimi nimekula. Wewe hiyo hasira umeazima kwa nani?"

Baba mdogo akamtazama, akatazama bakuli. Kisha akanawa, akamega.

Baada ya kula ndipo walipozungumza, mpaka jua likashuka. Wanawake wakarudi kazini, na likajengwa banda kando ya ghala ambamo mama mmoja alilipwa kulea watoto. Mdogo wangu alijifunza kutembea humo. Bibi alikuwa akisema, "Chama ni mdomo wa wengi; mdomo huo usipokuwepo, yatasema mawe." Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Kiwanda kilikufa. Jirani yetu, yule mwenyekiti, naye tulimzika, baba mdogo akibeba jeneza mbele. Leo kwenye mashine yangu nina vibarua wengi kuliko kampuni nyingi za hapa, na nawalipa vizuri, ulizia. Lakini hawana tawi wala mwenyekiti. Msimu uliopita walirushiana mawe na wakulima mbele ya geti langu. Nikauliza, "Nizungumze na nani?" Kila mmoja akatazama miguu yake. Nikachinja mbuzi wawili, nikawaita wote, nikakaa nao chini, mimi na pesa zangu zote. Walikula wakashiba. Wakanishukuru mmoja mmoja, "Asante bosi, asante bosi," wakaondoka bila kuniambia kinachowakasirisha.