Mwanamke Aliyebeba Mlima

Kwa miaka mingi nimeongoza watalii, na kazi hiyo inakujengea tabia moja: mgeni asiondoke na swali. Akiuliza kwa nini twiga ana pembe, unamjibu. Usipojua, unamjibu hivyo hivyo, taratibu, kwa upole.

Mdogo wangu wa kike hafanani nami. Anafungasha maua kwenye shamba moja la Usa River, na akirudi nyumbani anachora kwa kalamu ya wino watu ambao hawapo. Kati yao, aliyependa zaidi kumchora ni mwanamke mwenye birika badala ya kichwa. Mwanamke huyo ameukunja Mlima Meru kama mkeka, ameubana kwapani, na anazunguka akitafuta mahali pa kuutandika. Katika mchoro mmoja yuko Terrat, anapima kiwanja kwa hatua. Katika mwingine yuko Olasiti, majirani wamemfungia geti. Hadithi ilikuwa bado haijaisha.

Mwaka jana alipata ukumbi mdogo mjini wa kuonyesha michoro hiyo. Kwa kuwa anaona haya mbele za watu, aliniomba nisimame naye. Kuwakaribisha wageni tu, alisema.

Mama mmoja wa makamo alisimama mbele ya mchoro wa mwisho, akamuuliza mdogo wangu kuwa mwanamke huyu anaupeleka wapi mlima. Mdogo wangu akanyamaza, anafikiri. Nilidhani amekwama, nikamsaidia. Nikaeleza kwamba huyo ni marehemu mama yetu, aliyeolewa huku kutoka Kilimanjaro na asipazoee. Mwisho atautandika mlima kwenye kihamba, shamba la ukoo wa baba yake, kwenye migomba aliyokulia, apumzike. Yule mama akafuta macho. Wengine wakasogea. Nikarudia, kila mara vizuri zaidi.

Tulipokuwa tunashusha michoro, mdogo wangu aliniambia, "Kaka, mimi nilikuwa bado sijajua anakwenda wapi."

Kama nyumbani kwako kuna mtu anayebuni, vumilia kimya chake. Mara nyingi ndipo kazi inapofanyika. Mimi nimelielewa hilo kwa kuchelewa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimwambia mdogo wangu kwamba yale maelezo niliyatunga palepale, ayasahau, aendelee kuchora. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema anajua niliyatunga.

"Ila sasa kila nikianza kumchora, inatoka sura ya mama. Na mama tulishamzika, hana tena safari."

Nikatafuta la kusema. Nikalipata, nikaliacha.